Sema Yako, Yangu Niachie

Nina miaka 58, na nikicheka sana mkojo hunitoka. Si mwingi. Kijiko kimoja, vijiko viwili, siku mbaya kikombe kidogo cha kahawa. Nikikohoa hutoka. Nikipiga chafya, nikijitwika ndoo, nikiteremka kwenye bodaboda, hutoka. Nimeziandika sentensi hizi kwa Kiswahili cha nyumbani kwa makusudi. Nilijaribu kwanza kuzivalisha maneno ya hospitali, nikaona zinageuka kuwa habari za mtu mwingine, mama fulani asiye na jina kwenye kipeperushi.

Mnaonisoma mmezoea niongelee vitabu, na leo vitabu vipo, msihofu. Ila swali lililonikalisha mezani ni la maadili. Mtu mwenye siri ya mwili wake, siri isiyomdhuru mwenzake yeyote, ana wajibu wa kuisema? Na akiisema iliyo yake, amesema na ya nani mwingine bila ruhusa?

Nianze na neno, maana nimefundisha Kiswahili miaka 30 na siwezi kuanzia penginepo.

Kwetu Nyakakika, huku Karagwe, mwanamke aliyefanyiwa upasuaji kama wangu anasemwa "katolewa kizazi". Kizazi ni mfuko wa uzazi, na kizazi ni watu wote waliozaliwa wakati mmoja: kizazi cha Azimio la Arusha, kizazi cha simu za mkononi. Kwa hiyo nikipita njiani, kwa wanaojua, mimi ni mtu aliyetolewa vyote viwili. Watoto wangu wanne wapo, wajukuu wapo, lakini sentensi ile haiwahesabu. Nilitolewa nikiwa na miaka 46, kwa sababu ya uvimbe uliokuwa unanimwaga damu mpaka nikawa naongezewa ya watu wengine. Hospitali ilikuwa ya mbali, na aliyenipasua alifanya kazi nzuri, niko hai. Lakini maelezo aliyatoa mlangoni, kwa mume wangu, na mume wangu akaniletea kitandani yale aliyoyashika: nisibebe mzigo wiki sita, tusikutane kwa muda huo, na sitazaa tena. Kama kulikuwa na la nne, lilibaki mlangoni.

Miaka kadhaa baadaye ikaja ile hali ya kukoma hedhi. Mwenzangu mwenye kizazi chake ana cha kuhesabu: hedhi hupungua, huruka miezi, kisha hukata. Mimi sikuwa na hedhi ya kukoma. Niliijua kwa joto la ghafla saa nane za usiku, kwa usingizi uliokimbia, na mwisho kwa hili la mkojo.

Jinsi linavyotokea si fumbo. Chini ya nyonga kuna misuli iliyotandazwa kama kamba za kitanda cha kamba, na juu yake vimelala kibofu, kizazi na utumbo wa mwisho. Kila mtoto anayepita hulegeza kamba kidogo. Homoni ya estrojeni, ambayo ilikuwa inaushibisha mwili huko chini, hushuka mwanamke anapokoma hedhi, na ngozi ya ndani hukonda. Aliyetolewa kizazi amepoteza mpangaji mmoja wa kitanda hicho pamoja na baadhi ya vishikizo vyake. Si lazima lifuate tatizo. Wako wengi waliofanyiwa na hawavuji hata tone. Lakini yakikutana hayo yote, kikohozi kimoja hukandamiza tumbo, tumbo hukandamiza kibofu, na mlango unaotakiwa kubana haubani kwa wakati. Ni hivyo tu. Hakuna uchawi, hakuna laana ya mama mkwe, wala si malipo ya ujana. (Hilo la ujana nimelisikia kwa masikio yangu, likisemwa juu ya mwingine.)

Nilipopeleka shida yangu kwa mhudumu mmoja wa afya, binti mwenye adabu zake, alinisikiliza vizuri kisha akaniambia: "Mama, kwa umri wako hiyo ni kawaida."

Nilirudi nyumbani nalifikiria hilo neno, kawaida. Ni neno linalofanya kazi mbili na kulipwa mshahara mmoja. Kwanza linamaanisha kwamba jambo hutokea mara nyingi. Hapo binti yule alisema kweli, ni wanawake wengi mno. Pili linamaanisha kwamba jambo liko kama linavyotakiwa kuwa, basi liache. Ujanja wa neno ni kukuingiza kwa mlango wa kwanza na kukutolea wa pili. Malaria kwetu Kagera ni kawaida. Hakuna nesi anayemwambia mama mwenye mtoto mwenye homa, "hiyo ni kawaida, nendeni." Anapima, anatoa dawa, anauliza kama mna chandarua. Wingi wa wagonjwa ndio unaomfanya ajue la kufanya. Kwa mkojo wa bibi, wingi huo huo unakuwa sababu ya kutofanya kitu. Kwa nini?

Sehemu ya jibu iko kwenye jina la jengo. Tunapokwenda panaitwa kliniki ya mama na mtoto. Mtoto akikua, mama naye anafutika. Kuna kadi ya mjamzito, kuna mizani ya kuning'inizia mtoto, tangu 2018 kuna chanjo ya mabinti ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, na yote ni mazuri, nayaunga mkono kwa mikono miwili. Lakini mwanamke asiyezaa tena hana benchi lake. Akifika ataonekana ana presha au ana sukari, na kama hana hivyo viwili, ana uzee.

Sehemu nyingine ya jibu ni ya zamani zaidi, na hii ndiyo iliyonisumbua hasa. Fikiria mtu anavyoingia kwenye utu. Kuna mambo machache mtoto anafundishwa kabla hata hajasema vizuri, na mojawapo ni kubana mkojo. Akijua, anasifiwa kwamba amekuwa mkubwa. Asipojua kwa wakati anaitwa kikojozi, na nimeona darasani kwangu neno hilo likimvunja mtoto kuliko fimbo. Sasa mwanamke mzima linapomrudia jambo hilo, hashuki tu hadi utotoni. Anashuka chini ya hapo, kwa sababu mtoto akikojoa huoshwa, na mtu mzima akikojoa hutazamwa. Mtoto mchanga akimkojolea mgeni, nyumba nzima hucheka na mgeni huambiwa kapata baraka. Maji ni yale yale.

Mwanamke wa kwetu ameshika mikojo ya watu maisha yake yote. Ya wanawe, ya wadogo zake kabla ya wanawe, ya mama mkwe kitandani, ya mgonjwa wodini. Hakuna aliyemdharau kwa hiyo. Ndiyo sifa yake. Lakini mkojo wake mwenyewe hauna mtu wa kuushika. Nikiulizwa naona wapi dhuluma katika jambo hili, naiona hapo. Tumeutundika utu wa mtu kwenye msuli mdogo ambao tulijua tangu mwanzo kwamba kuzaa kutauchosha, na kuzaa ndiko tulikomtaka akufanye.

Nisiifanye habari hii iwe ya kilio tu, maana ina vichekesho vyake. Mwaka wa kwanza nilikuwa nakata kanga kuukuu vipande vinne vinne. Pedi za dukani ni ghali kwa mtu anayezihitaji kila siku ya Mungu, na zile za hedhi hazikutengenezwa kwa maji. Kanga moja niliyoikata ilikuwa na methali nzuri, na mkasi ukapita katikati ya maneno, nusu ya hekima ikabaki begani, nusu ikaenda mnakokujua. Nikajifunza kuvaa vitenge vyeusi. Nikajifunza kukaa ukingoni mwa benchi. Nikaacha kunywa uji asubuhi ya safari, nikaacha maji kabisa, jambo ambalo ni la kijinga ingawa kila mwanamke mwenye hali hii hulifanya: mkojo mchache huwa mkali, hukichokoza kibofu, na choo kigumu humfanya mtu ajikamue na kuzilegeza zile kamba zaidi.

Halafu yakaja ya kupungukiwa na watu. Kwaya ya akina mama inaruka. Nikahamia kiti cha nyuma, kisha nikasema koo linaniuma. Msibani tunakaa chini, juu ya mkeka, saa nyingi. Nikawa nafika mwisho na kuondoka mapema. Kijijini mtu anayefika mwisho na kuondoka mapema anaitwa anajisikia. Yaani watu walinipa kosa la kiburi, na mimi nikaona afadhali. Afadhali waseme najivuna kuliko waseme nanuka. Nadhani wako wanawake wengi sana katika vijiji vyetu wanaobeba sifa ya ukali, ya uchoyo, ya kukosa ibada, na chini ya sifa hiyo kuna kipande cha kanga.

Waliosoma mila za huku wataniuliza: si mna mashangazi? Ni kweli. Katika jamii zetu za maziwa makuu, mazungumzo ya mwili yalikuwa na mwenyewe rasmi, na huyo ni shangazi. Binti akikaribia kuolewa shangazi ndiye aliyekaa naye, akamwambia mambo ambayo mama hawezi kumwambia mwanawe akimtazama usoni. Mimi niliambiwa. Niliambiwa waziwazi, kwa maneno ambayo hata leo siyaandiki. Lakini somo lote lilikuwa na msikilizaji mmoja asiyekuwepo chumbani, naye ni mume. Namna ya kumpokea, kumridhisha, kumzalia. Somo liliishia mlango wa chumba cha arusi. Hakuna shangazi aliyemwita mwanamke wa miaka 50 na kumwambia: sasa kaa nikueleze nusu ya pili.

Vitabu navyo havikunisaidia. Mwana Kupona wa upwa wa Lamu aliutunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, kumwachia binti yake mafunzo, na karibu miaka 170 baadaye bado tunausoma. Nao ni mafunzo ya kuwa mke. Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya 1971, ilipigwa marufuku mashuleni kwa kuusema mwili wa msichana, na waliosoma nayo kwa kujificha wanajua kwa nini ilihitajika. Lakini katika riwaya nilizofundisha, mwili wa mwanamke unaosemwa ni wa msichana: unatamaniwa, unapata mimba, unaharibika. Akifika miaka 50 mwandishi anamkalisha jikoni na kumpa methali za kutamka. Mwili wake umekwisha. Bibi katika fasihi yetu ana mdomo tu.

Kuna ugonjwa mmoja wa kuvuja ambao umepata bahati ya kuwa na hadithi, nao ni fistula. Ule ni tofauti na wangu: uchungu wa kuzaa ukikwama siku nyingi, kichwa cha mtoto hukandamiza hadi nyama ikafa, tundu likafunguka kati ya kibofu na uke, na mkojo ukawa unatoka mchana na usiku bila kungoja kikohozi. Ni mateso makubwa kuliko yangu mara mia. Na nchi imejifunza kuyasema. Redioni tumesikia kwamba fistula inatibika. CCBRT ya Dar es Salaam imekuwa ikiwatumia wagonjwa nauli kwa M-Pesa ili wasikwame vijijini. Ethiopia, Catherine Hamlin na mumewe walifungua hospitali nzima kwa ajili yake mwaka 1974. Tangu 2013 kuna hadi siku yake duniani, Mei 23. Nafurahi kwa yote hayo. Lakini kama msomaji naona pia ni kwa nini ilisemeka: ina binti mdogo, ina kosa la umaskini, ina mtoto aliyekufa, ina upasuaji, ina mwisho ambapo binti anavaa gauni jipya na kurudi kwao. Ni hadithi iliyokamilika. Ya kwangu haina mwisho wala mhalifu. Ni mama mzima, amecheka, amelowa.

Sisi watu wa Kagera tulipaswa kuwa walimu wa jambo hili. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983. Watu waliuita Juliana, jina la nguo iliyokuwa ikiletwa na wafanyabiashara wa magendo, na kwa muda mrefu msibani tulisema marehemu aliugua tumbo, marehemu alirogwa, marehemu aliugua muda mrefu. Tulizika kwa tafsida. Kilichotufungua midomo ni wingi wa makaburi kwenye migomba. Hapo ndipo penye ugumu wa la kwangu: mkojo hauui. Hauhesabiwi makaburini. Unaweza kunyamaziwa miaka 40 na kijiji kikaendelea kuvuna kahawa yake. Unapunguza tu mtu, msiba mmoja, ibada moja, safari moja, hadi anabaki kuwa mwanamke wa uani.

Basi si nisimame tu niseme, yaishe? Ningependa iwe rahisi hivyo. Lakini kuusema mwili wa mwanamke hadharani nako kuna historia hapa Karagwe, na haipendezi.

Novemba 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika kwa mfalme Rumanyika akiwa na mwenzake James Grant, wakitafuta chanzo cha Mto Nile. Wanawake wa nyumba ya kifalme walikuwa wakinoneshwa kwa maziwa, maana unene ndio uliokuwa uzuri. Speke akataka kumpima shemeji mmoja wa mfalme. Ili mama yule akubali, mgeni naye alijitolea kumwonyesha miguu na mikono yake mitupu. Wakapatana, wakatazamana, kisha mgeni akachukua vipimo vya mkono, kifua, paja, shavu la mguu, kimo. Mwaka 1863 vikachapishwa Uingereza kwa futi na inchi, katika kitabu cha safari yake. Vipimo vimo hadi leo. Jina halimo.

Huwa namfikiria sana mama huyo. Alifanya makubaliano ya haki kabisa, jicho kwa jicho, ndani ya nyumba yake. Asichojua ni kwamba mwenzake alikuwa na kalamu, na kwamba upande mmoja wa makubaliano ungesafiri baharini na upande mwingine ungebaki kibandani. Marekani, miaka ya 1840, daktari J. Marion Sims alijifunzia upasuaji wa fistula kwa watumwa weusi, akiwarudia tena na tena bila dawa ya usingizi. Watatu tunayajua majina yao: Anarcha, Lucy, Betsey. Sanamu ya Sims iliondolewa kwenye bustani ya Central Park, New York, mwaka 2018. Elimu iliyopatikana imewatibu maelfu, na hata hivyo haikuwa yake kuichukua namna ile. Kwa hiyo ninaposikia watu wa semina wakisema "tuvunje ukimya", huwa nauliza: ukimya wa nani, na nani anavunja?

Lilinikuta swali hilo nyumbani. Katika ukoo wetu yupo shangazi ambaye naye ana hali hii, tena kwa miaka mingi kuniliko. Babu alikuwa na wake watatu, na mashangazi ninao saba. Watakaotaka kukisia ni yupi waanze kazi. Namna tulivyogunduana siisemi. Nilipoamua kwamba nitaongea na wanawake wenzangu, na kwamba nitaandika, nilikwenda kwake kwanza. Nilipiga magoti, nikamwamkia, nikamweleza. Nilimwambia pia kwamba nikisema yangu, wapo watakaomtazama na yeye na kuunganisha, maana ukoo ni ukoo.

Alinyamaza, akaendelea kumenya ndizi. Nilihesabu nne. Kisha akasema: "Mwanangu, sema yako. Yangu niachie."

Nikamwuliza kama naweza kuyaandika maneno hayo. Akacheka, akasema hayo ni maneno tu, hayana harufu. Zaidi ya hapo sina ruhusa, kwa hiyo hadithi yake haimo humu. Mnaweza kudhani ingekuwa nzuri. Ni nzuri kuliko yangu.

Mwanzoni nililichukua jibu lake kama woga wa watu wa zamani. Msomi yeyote wa leo angelichukua hivyo: mama amemezwa na aibu, anahitaji kuelimishwa. Lakini nimeliweka neno lake kichwani miezi mingi na sasa naona lina hoja iliyonipita. Kiswahili kinatenganisha vitu ambavyo sisi wapenda kampeni tunavichanganya. Kuna aibu, ambayo unavishwa na macho ya watu. Kuna haya, ambayo unaivaa mwenyewe na inakupendeza. Na kuna sitara, ambayo mtu hapewi na nafsi yake. Anasitiriwa, na mwenzake. Tunasema kusitiriana. Kufunikana kunataka watu wawili. Nilipokuwa nakata kanga usiku peke yangu na kukwepa misiba, nilijiambia najisitiri. Sivyo. Nilikuwa najifukuza. Hakukuwa na mtu wa pili. Shangazi, baada ya kuongea nami, anavuja vile vile kama jana, na bado amesitirika, kwa sababu yupo anayejua na kunyamaza kwa ajili yake.

Kwa hiyo sioni tena kwamba kila mwanamke mwenye shida hii ana deni la kuitangaza. Hana. Anayemdai deni hilo anamfanyia alichofanya mtu wa kipimo cha futi, hata kama nia ni njema na kuna picha ya pamoja mwishoni. Ninachoamini ni kitu kidogo zaidi, na sijakiona kikisemwa: lazima awepo mmoja wa kusema, ili wengine wanyamaze kwa hiari. Kabla mtu hajasema, ukimya wa wote ni wa lazima. Hakuna ajuaye kwamba jambo lina jina, lina sababu, lina la kufanya. Baada ya mmoja kusema, anayenyamaza ananyamaza kwa kuwa anataka, huku akijua aende wapi usiku.

Na lipo la kufanya, nisije nikafalsafu mkaondoka mikono mitupu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ndiye aliyenifundisha. Unakaza ile misuli kana kwamba unazuia hewa na mkojo kwa pamoja, bila kubana pumzi, matako wala mapaja. Unahesabu taratibu, unalegeza, unapumzika. Mara nane, mara tatu kwa siku, angalau miezi mitatu. Usiifanye desturi ya kukatiza mkojo chooni, si vizuri. Na ukihisi kikohozi kinakuja, kaza kwanza ndipo ukohoe. Mmarekani mmoja, Arnold Kegel, aliyaandikia mazoezi haya mwaka 1948, na sasa duniani yanaitwa kwa jina lake, misuli ya wanawake wote yenye jina la mwanamume mmoja, haya. Nayafanya kanisani wakati wa mahubiri, na mchungaji anadhani nimezama kwenye neno. Mwezi wa kwanza sikuona kitu. Wa nne nilikohoa na kubaki mkavu, nikakaa palepale kwenye jiwe nje ya nyumba nikakohoa tena makusudi. Sijapona. Kicheko bado kinanishinda. Lakini mkasi nimeupumzisha.

Wengine watahitaji zaidi ya hapo: dawa ya estrojeni ya kupaka ukeni akiandikiwa na daktari, mpira wa kuingiza unaoshikilia viungo, au upasuaji. Anayeona damu kwenye mkojo, anayevuja mfululizo, anayehisi kitu kinashuka, au anayebanwa ghafla asifike chooni, huyo asipoteze miezi mitatu kwa mazoezi yangu, aende apimwe. Na akiambiwa ni kawaida, aulize: kawaida kama malaria, au kawaida kama mvua?

Nilisema yangu kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa, mwishoni, baada ya hisa na kabla ya faini. Tulikuwa wanawake 19. Nilitumia maneno yale yale niliyoanza nayo hapa. Palikuwa kimya mpaka nikasikia jogoo wa jirani. Mmoja akacheka, akazuia. Mwenyekiti akashukuru "kwa elimu", akarudi kwenye faini za waliochelewa, na kila mtu akajadili faini kwa bidii ambayo sijawahi kuiona. Nilipotoka nilidhani nimejivua nguo bure.

Njiani kwenye migomba nikasikia mtu anakuja nyuma yangu, haraka haraka. Ni mmoja wa waliokaa mbele, mwanamke mkali anayejulikana kwa kutohudhuria misiba. Akanisalimia upya kana kwamba hatukuwa pamoja. Akaniuliza yale mazoezi mtu huyafanya akiwa amekaa au amesimama, maana ana jirani yake anayesumbuliwa. Nikamwambia jirani aanze akiwa amelala chali, magoti ameyakunja. Akizoea akae, kisha asimame. Akayarudia maneno polepole, kama mtoto anayetumwa dukani. Halafu akauliza kama naweza kupita kwake Alhamisi nimweleze jirani mwenyewe, kwa kuwa Alhamisi jirani huwa peke yake nyumbani.